Njia za Wiyoni Zisizo na Motokaa

Mtu atokaye Wiyoni, mtaa ulio pembeni mwa mji wa kale wa Lamu, akishika njia ya mashambani, hana haja ya kutazama nyuma kwa hofu ya lori. Njia ni ya mchanga, nayo hupita kati ya minazi na miembe mpaka Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi na wasukaji wa mikeka. Mwenye baisikeli hupanda penye ardhi ngumu. Penye mchanga mwororo hana budi kushuka na kuikokota.

Mchukuzi hodari wa njia hizi ni punda. Hubeba nazi, maji na mawe ya kujengea, na mgongo wake ndio riziki ya wengi. Tangu mwaka 1987 iko mjini Lamu zahanati ya punda, ambako hutibiwa bila malipo.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji wa kale katika urithi wa dunia. Vichochoro vyake vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Lakini katika miaka ya karibuni pikipiki zimeingia kisiwani. Mgonjwa wa Matondoni aweza kufikishwa hospitali upesi kwa pikipiki, wala si haki kumnyima. Hata hivyo, zikipita kila mahali, mzee na mtoto watatembea kwa hofu. Basi yafaa wenyeji wapatane mapema ni njia zipi za pikipiki, na zipi zibaki za miguu na kwato. Maana njia ikisha kutwaliwa na mashine, kuirudisha ni kazi ngumu.