Nafasi ya Mpiga Besi: Njombe, Dar es Salaam na New York

Katika muziki wa dansi wa Tanzania, mpiga besi ndiye aliyefanya kazi usiku kucha na kutajwa mara chache kuliko wenzake karibu wote, na sababu ya jambo hilo haikuwa udogo wa mchango wake bali namna bendi, redio na umiliki wa ala vilivyopangwa kumzunguka. Besi ni sauti ya chini kabisa katika kundi la ala, ambayo kwa upande mmoja huwashikia wachezaji mapigo, na kwa upande mwingine huwaambia wapiga magitaa na waimbaji wako katika kodi gani, yaani katika mkusanyiko upi wa nota zinazolia pamoja. Mpiga besi akihama nota moja, wimbo wote huhama naye. Kwa hiyo kumwita msindikizaji tu ni kumpunja, kwa kuwa kazi yake tangu mwanzo imo ndani ya utunzi wenyewe.

Ilembula, iliyomo katika Wilaya ya Wanging'ombe mkoani Njombe, haikuwa mji wa bendi. Inajulikana zaidi kwa hospitali yake ya Kilutheri, na kwa watoto wengi waliokulia huko shule ya kwanza ya sauti nzito ilikuwa kwaya ya kanisani, ambamo nyimbo huimbwa kwa sauti nne, yaani soprano, alto, tenori na besi, wazee wa besi wakisimama nyuma na kushikilia nota ambazo bila hizo sauti nyingine tatu hukosa pa kukaa. Nyanda hizi zilifikiwa na wamisionari wa Berlin tangu mwaka 1891, na urithi wao wa uimbaji ulibaki hata baada ya wao kuondoka, kiasi kwamba mtu angeweza kukua akiijua kazi ya besi kwa sikio bila kuwahi kuona gitaa la besi.

Muziki wa dansi ulifika kwa njia nyingine. Makambako, mahali ambapo barabara ya kwenda Songea inachepuka kutoka barabara kuu ya Zambia, ilipata pia stesheni ya reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, lakini kilichoenea zaidi kuliko reli na malori ni redio ya betri. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi katika studio yake na kuzitangaza nchi nzima, ndiyo iliyofanya Nuta Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz zijulikane vijijini. Hapa pana jambo la kiufundi ambalo waandishi wa historia ya dansi hawajalipa uzito unaostahili: spika ya redio ndogo, ambayo upana wake ni wa vidole vichache, haina uwezo wa kuzitoa sauti za chini ipasavyo. Msikilizaji wa Njombe alizipata sauti za waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, alilipata gitaa la solo na saksafoni, lakini besi ilimfikia ikiwa imefifia, na hakuifahamu kwa ukamilifu mpaka siku aliposimama katika ukumbi wenye vyombo vikubwa. Kazi ya mpiga besi ilipotea njiani kabla haijafika kwa yule aliyepaswa kuisifu.

Dar es Salaam nako, njia ya mwanamuziki huyo ilikuwa na vizuizi vyake. Nuta Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, na mfumo wake ulikuwa wa ajira: wanamuziki walilipwa mshahara, na ala zilikuwa mali ya mwajiri. Mfumo huo uliwapa wanamuziki utulivu ambao wenzao wa nchi nyingi hawakuupata, na hilo halifai kubezwa, lakini ulimaanisha pia kwamba mpiga besi aliyehama bendi aliliacha gitaa nyuma, na kwamba mwenye ala ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuunda au kuvunja bendi, kama ilivyoonekana mwaka 1985 pale Hugo Kisima, mmiliki wa bendi ya Orchestra Safari Sound, alipowachukua Gurumo na wenzake kadhaa kutoka bendi ya Mlimani Park. Utunzi nao ulikuwa wa pamoja. Mwimbaji alikuja mazoezini na maneno na dokezo la sauti, kisha kila mpigaji akatafuta sehemu yake, hasa katika chemko, ile nusu ya pili ya wimbo ambamo kasi hupanda na magitaa huanza kujibizana. Mstari wa besi uliozaliwa mazoezini hapo ulikuwa utunzi halisi, lakini redioni wimbo ulitajwa kwa jina la bendi na, pengine, la mwimbaji. Suleiman Mwanyiro, mpiga besi wa Msondo aliyepewa na mashabiki jina la Computer, ni mmoja wa wachache waliovuka ukuta huo, na jina lenyewe linaonyesha kwamba wachezaji wa Msondo walikuwa wakimsikiliza kwa makini.

Njia iliyo tofauti kabisa inaonekana New York, na kwa namna isiyotarajiwa inapitia Njombe. Mnamo Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi santuri iitwayo Uhuru Afrika, iliyopangwa na Melba Liston kwa kundi kubwa la jazi, yaani muziki wa Wamarekani weusi unaompa mpigaji nafasi ya kutunga papo hapo juu ya kodi zilizokubaliwa. Maneno ya ufunguzi yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na aliyeyasoma kwa Kiswahili alikuwa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Makete, iliyomo leo mkoani Njombe. Katika kundi hilo mlikuwa na wapiga besi wawili, George Duvivier na kijana wa miaka 23 aitwaye Ron Carter. Sauti ya mwana wa nyanda za Njombe na besi ya Carter zimo katika santuri moja, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, na ni masikitiko kwamba jambo hilo halisimuliwi katika mkoa ambao lingepaswa kusimuliwa kwanza.

Carter, aliyezaliwa Michigan mwaka 1937, hakuanza na besi. Alijifunza selo, ala ya nyuzi iliyo ndogo kuliko besi na inayopigwa kwa upinde, lakini alipokuwa sekondari Detroit aliona nafasi nzuri zikiwaendea wanafunzi weupe, akahamia besi kubwa ya mbao. Alihitimu chuo cha muziki cha Eastman mwaka 1959, na kondakta Leopold Stokowski, licha ya kumsifu, alimweleza kwamba okestra ya Houston isingempokea mtu mweusi. Mlango huo ulipofungwa, jazi ikampata. Alipiga na mpiga tarumbeta Miles Davis kuanzia mwaka 1963 hadi 1968, akashirikiana naye kutunga kibao cha Eighty-One, na mwaka 2015 alitambuliwa na Guinness kuwa mpiga besi wa jazi aliyerekodi zaidi kuliko wote, akiwa na rekodi 2,221. Hatua yake yenye mafunzo zaidi, hata hivyo, ni ile ya miaka ya 1970, alipoanza kupiga besi ndogo yenye sauti ya juu na kumwajiri Buster Williams kushika besi ya kawaida nyuma yake. Alitambua kwamba mpiga besi hawezi kuongoza wimbo bila mtu mwingine kubaki chini akiubeba, naye akamlipa mtu huyo na kuliandika jina lake kwenye jalada.

Jalada hilo ndilo lililokosekana Tanzania. Nyimbo nyingi zilibaki katika kanda za redio, viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, na baada ya mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu. Redio binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, besi ikaanza kutengenezwa kwa kinanda na kompyuta na prodyuza mmoja, wakati uleule spika kubwa zilipofika baa za Makambako na vituo vya mabasi, hivi kwamba leo besi inatikisa vioo vya madirisha huku wanaoipiga kwa vidole wakizidi kupungua. Kanda za Radio Tanzania zimo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na kila moja inahitaji orodha kamili ya waliopiga, mpiga besi akiwemo. Orodha hiyo itawezekana tu iwapo wazee wa Msondo na Mlimani Park watakalishwa mbele ya spika zinazotoa sauti ya chini ipasavyo, wakaulizwa wimbo kwa wimbo ni nani aliyekuwa akipiga.