Kimathi Alinyongwa kwa Sababu ya Bastola

Wasee, wengi wetu tunadhani Dedan Kimathi alinyongwa kwa kuua. Hapana. Shtaka lililompeleka kitanzini lilikuwa kupatikana na bastola: Webley Scott, kipimo cha .38.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo shule yangu siku hizi ni video za usiku. Nimekwama kwa zile za wakusanyaji wa silaha za vita, wazee wa Uingereza na Marekani. Mzee anashika bastola ya jeshi, anaigeuza mara mbili, anakwambia ni ya lini. Si uchawi, maze. Anasoma chuma.

Webley Mk VI, ile kubwa ya .455, iliingia jeshini 1915. Enfield No. 2 ni ndogo, ya .38, na mwaka wake umegongwa ubavuni. Ukiona kinyota baada ya Mk I, na nyundo haina ile pembe ya kuvutwa na kidole gumba, huo ni muundo wa 1938. Webley Mk IV ikiwa na maneno WAR FINISH, hiyo ni ya Vita vya Pili. Kiwanda hakikuwa na muda wa kuing'arisha. Halafu wanalinganisha namba: ya mwili, ya mtutu, ya silinda. Zisipofanana, imeungwaungwa na bei inashuka.

Hapo ndipo roho iliniuma. Kila kipande cha chuma kilichotoka Birmingham kilipewa namba, ili kisipotee. Kimathi alikamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Serikali ya mkoloni ikaandika aina ya bastola yake na kipimo chake, ikahesabu hadi risasi. Tarehe 18 Februari 1957 ikamnyonga Kamiti na kumzika bila hata alama. Mukami, mjane wake, aliomba mabaki yake miaka na miaka. Alifariki 2023 kabla ya kumzika.

Yaani bastola iko na cheti cha kuzaliwa, na shujaa hana kaburi.

Siwachukii wale wazee wa video. Wamenifunza kwamba kitu kidogo kikisomwa kwa makini kinaongea. Naomba tu tuwasome watu wetu hivyo. Kama kwenu kuna shosho au guka aliyeona miaka ya Emajensi, muulize leo: nani alichukuliwa, wapi, mwaka gani. Andika majina.

Chuma kitangoja. Shosho hatangoja.