Mawe ya Engaruka

Marehemu baba yangu alikuwa na usemi wake: mtu asiyejua maji ya shambani kwake yanatoka wapi, shamba hilo si lake. Tulipokuwa wadogo, kule milimani Upare, tuliyachukulia hayo kuwa maneno ya wazee tu. Yalinirudia kwa nguvu mwezi Oktoba mwaka 2009, nikiwa nimesimama katikati ya mashamba ambayo wenyewe walikwisha yaacha miaka mia mbili na zaidi iliyopita.

Nieleze kwanza jinsi nilivyofika huko. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi Arusha, na ndani ya mkoba wangu mlikuwa na karatasi iliyoletwa na basi kutoka nyumbani. Mdogo wangu alitaka tuuze shamba la baba. Mnunuzi alikwisha patikana, bei ilikuwa nzuri, na ndugu zangu wawili walikuwa wamekwisha tia saini. Ilibaki yangu. Sote wanne tulikuwa tunaishi mijini. Ndiva yetu, yaani lile bwawa ambalo kwa desturi ya Wapare hujazwa maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani, ilikuwa imejaa tope, na nusu ya waliokuwa wakiitumia walikuwa wamehama. "Kaka, tunalinda nini pale?" mdogo wangu aliniuliza kwa simu. Sikuwa na jibu. Kwa kweli nilikuwa nimekwisha amua kutia saini, ila mkono ulikuwa mzito.

Siku hizo hizo rafiki yangu mmoja, mwalimu, alikuwa anakwenda Engaruka kuwasalimia wakwe zake, akanishauri tufuatane. Nikaona heri, labda kichwa kitapoa.

Engaruka ni kijiji cha wilaya ya Monduli, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Mto wa Mbu. Kimekaa chini ya ukuta mrefu wa Bonde la Ufa. Nyuma yake inapanda milima ya Ngorongoro, mbele yake ni tambarare kavu isiyokwisha, na upande wa kaskazini husimama Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, na ambao ulikuwa umetoka kulipuka mwaka 2007 na 2008. Mvua yake ni haba, takriban milimita 400 kwa mwaka. Tena mwaka ule wa 2009 ukame ulikuwa umewapiga wafugaji wa kaskazini pigo ambalo hawajalisahau. Njia nzima tulipita mizoga ya ng'ombe iliyokauka, ngozi imeshikana na mifupa. Rafiki yangu, ambaye ni msemaji sana, alinyamaza tangu Selela hadi tulipofika.

Halafu ghafla tukaona migomba. Mto Engaruka hushuka kutoka milimani, nao haukauki. Pale unapotokea bondeni watu wamejenga banio na kuchimba mifereji, wakapanda mahindi, maharage na ndizi. Baada ya vumbi la saa nyingi, ukijani ule ulinifanya nisikie kiu zaidi. Watoto walitujia mbio, wakainamisha vichwa mbele yetu, wakasubiri tuwaguse utosini, kama ilivyo adabu ya Wamasai kwa watu wazima. Baba mkwe wa rafiki yangu, mzee mrefu mwenye fimbo, alitupokea kwa chai ya maziwa kidogo. Aliomba radhi kwa uchache wa maziwa. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache mno, wala hakutaka kuyazungumza hayo zaidi.

Jioni jua lilipopungua alitutembeza. Tulivuka mashamba ya sasa, tukaingia kwenye migunga na mawe. Mwanzoni nilidhani ni mawe tu, kama yalivyo mawe ya popote. Kisha macho yakazoea. Yalikuwa kuta fupi, zimepangwa kwa mkono bila chokaa wala udongo, zikigawa ardhi vipande vipande kama kurasa za daftari la hesabu, kipande baada ya kipande hadi mwisho wa macho. Kati yake ilipita mifereji iliyokingwa kwa mawe, imeinama kidogo sana, kiasi cha maji kutembea bila kukimbia. Huku na huko palikuwa na marundo ya mawe, yaliyookotwa shambani na kukusanywa mahali pamoja ili jembe lipite.

Mashamba hayo ya kale yameenea karibu hekta 2,000. Wataalamu wanasema watu walikaa hapo tangu yapata karne ya 15 hadi karne ya 18. Walilima mtama zaidi, wakafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyumba zao hawakuzijenga kwenye ardhi ya kulima. Walipanda kwenye mteremko chini ya ukuta wa bonde, wakachonga vikao vya kusimamishia nyumba, wakavikinga kwa mawe, na vijiji saba vya namna hiyo bado vinaonekana. Mzungu wa kwanza kuandika habari zake alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita mwaka 1883. Mwaka 1935 alikuja Louis Leakey, akakisia kwamba waliishi hapo watu 30,000 hadi 40,000, hesabu ambayo waliomfuata waliipunguza sana. Baadaye, katika miaka ya 1960, Hamo Sassoon alichimba, na wengine wakaendelea baada yake.

Jambo moja katika utafiti wa miaka hii limenishangaza kuliko yote. Sehemu nyingine za mashamba yale, udongo wenyewe uliletwa na maji. Watu walijenga kuta za mawe, wakayaelekeza maji yenye tope, yakatua hapo, tope likabaki. Kisha wakaongeza ukuta, wakayaelekeza tena. Wale watu hawakukuta shamba. Walilitengeneza, tabaka juu ya tabaka, na aliyeweka jiwe la kwanza huenda hakula mavuno ya tabaka la mwisho.

Nilimwuliza mzee: "Baba, walikwenda wapi hawa?"

Alijibu kwamba wazee wake waliwakuta mawe, hawakuwakuta watu. Wapo wanaowataja Wairaqw, wapo wanaowataja Wasonjo, ambao mpaka leo ni mabingwa wa mifereji. Sababu ya kuondoka watafiti wengi huiona katika maji: vijito vilivyokuwa vikilisha mashamba yale vilipungua, na vingine leo ni makorongo makavu. Wengine huongeza uchovu wa ardhi na kuja kwa wafugaji. Nilikaa juu ya kikao kimojawapo cha nyumba, nikatazama chini mashamba yale yaliyokosa mtu. Nikasema moyoni: basi, si ndio ushahidi huu? Kama hawa, waliojenga kwa mawe, waliondoka, sisi wenye ndiva moja ya udongo tunang'ang'ania nini? Nikaipapasa ile karatasi mkobani. Nilikuwa na kalamu.

Tulipokuwa tunarudi tulisikia kelele kwenye mfereji wa kijiji. Mama mmoja, jembe mkononi, alikuwa amesimama juu ya mlango wa maji wa shamba lake, hataki kuufunga. Kijana mmoja alikuwa anamwonyesha saa ya simu yake kwamba zamu imekwisha. Mama anasema maji yalichelewa kumfikia kwa sababu huko juu kuna aliyeiba. Watu wakajaa. Nilidhani watapigana. Mzee wetu aliwasogelea, akamsikiliza mama, akamsikiliza kijana, akamtuma mtoto aende juu akaangalie. Mtoto akarudi na habari kwamba kweli kuna mahali pamebomolewa. Basi mama akaongezewa nusu saa, kijana akasubiri huku ananung'unika, na wawili wakaondoka na makoleo kwenda kuziba.

Nilimpa mzee pole kwa ugomvi ule. Akacheka.

"Hapa tunagombana kila siku," alisema. "Siku utakayokuja ukute kimya kwenye mfereji, ujue tumeondoka."

Usiku ule sikulala vizuri. Kumbe nilikuwa nimeyasoma yale mawe upande mmoja tu. Nilikuwa nimeona kwamba waliondoka, sikuona kwamba walikaa. Miaka mia tatu kwenye nchi kavu kama ile, watu wakikubaliana kila msimu nani atachimba, nani ataanza, nani atasubiri! Mawe hayakuweza kufanya kazi hiyo. Mawe yapo mpaka leo, na maji hayapiti. Na kule kwetu ndiva haikufa kwa kujaa tope. Tope lilijaa kwa sababu sisi wenye maji hatukuwa tunafika kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba na kusafisha. Baba hakukosa siku hata moja. Mimi nilikuwa natuma pesa, na mara nyingine nilikuwa nasahau kuzituma.

Sitaki msomaji adhani nilirudi shujaa. Sikuwa na uwezo wa kuwanunua ndugu zangu, wala sikuwa tayari kuacha kazi nikalime. Na shamba lisilo na mtu, hata likiwa na jina la baba, ni sawa na yale ya Engaruka. Nilichofanya ni kukataa kutia saini mpaka tukae pamoja. Tulikaa, tukagombana siku mbili. Mwisho tuliuza sehemu ya chini, ndugu zangu wakachukua fedha yote, nami nikabaki na kipande cha juu kinachopakana na ndiva. Hicho nacho sikujiwekea. Nilimpa binamu yetu aliyekuwa akilima kwa kukodi, bila malipo, kwa sharti moja tu: asikose msaragambo. Mdogo wangu hakunisemesha karibu mwaka mzima. Aliona nimekataa bei nzuri ili nikatoe sadaka, na kwa hesabu za fedha hakukosea.

Mwaka 2011 binamu na majirani walitoa tope lote. Nilikuwapo siku ya mwisho. Walinipa koleo, nikashika kazi, na kabla ya saa nne mikono ilikuwa imetoka malengelenge, vijana wakanicheka. Jioni wakafunga tundu la ndiva ili maji yajae usiku. Nilibaki pale gizani peke yangu nayasikiliza yanavyoingia, na asubuhi nilikuta watu wawili wamekwisha anza kugombania zamu.