Mgongo wa Mama

Ndugu msomaji, mimi si fundi. Mimi ni kijana wa Tabata ambaye mwaka jana aliingia chini ya gari akiwa mjuaji, akatoka na grisi kichwani na adabu kidogo.

Habari yenyewe ni hii. Mama ana mgongo mbovu. Saa moja tu kwenye kiti cha basi inamtosha kulala siku mbili, sembuse safari ya Njombe, karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Bibi yuko kule, na ameanza kusahau majina ya watu. Kila tukimpigia simu anauliza, "Mwanangu anakuja lini?" Mama hujibu, "Karibuni, Mama," kisha anageukia ukutani.

Baba, dereva mstaafu wa malori, akanunua Toyota Hiace kuukuu, mojawapo ya vile vipanya vilivyobeba abiria mjini hapa mpaka vikazeeka. Akang'oa viti. Akatengeneza kitanda nyuma kabisa, akaweka pipa la maji la lita 100 upande wa kushoto, na juu yake kabati la mninga alilolipiga randa kwa mikono yake mwenyewe. Lilikuwa kabati la nguvu, wallahi. Mwezi mzima alikuwa akiimba uani.

Jumapili moja tukampeleka Mama majaribio hadi Kibaha. Kila tuta, nyuma ya gari iliruka kama mbuzi, ikatua puu! Tena gari lenyewe lilikuwa limeinamia kushoto. Mama hakulalamika. Tulipofungua mlango tulimkuta kafumba macho na machozi yanamtoka. "Nimefurahi kutembea," akasema.

Usiku ule mimi na Baba tulizozana. Yeye alitaka tuongeze bamba moja la springi. Mimi nilitaka springi za upepo, zile nilizoziona kwenye picha za magari ya Ulaya ambayo watu hulala ndani. Ni mifuko ya mpira mgumu inayokaa kati ya ekseli na chesi. Unaijaza upepo kulingana na mzigo.

"Mpira ubebe gari?" Baba akauliza.

"Kwani matairi ni chuma, Mzee?"

Hakucheka. Nami nilijiona nimeshinda.

Kesho yake tukaenda kwa fundi mmoja Gerezani. Aliingia chini na tochi, akatoka anatikisa kichwa. "Mzee, mabamba mawili hapa si ya kiwandani. Mwenye gari wa kwanza aliyaongeza ili ajaze watu. Springi ngumu namna hii inataka mzigo mzito muda wote. Ikikutana na tuta haipindi, inarusha. Ukiongeza la tatu utamvunja mama."

Nikatabasamu. Fundi akanigeukia. "Na wewe dogo wa upepo, umepima mzigo?"

Nilikuwa sijapima.

Akatutuma kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Tukapandisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima, kisha ya nyuma peke yake. Ekseli ya nyuma ilikuwa imezidi kikomo cha kitabu cha gari kwa kilo 140, na Mama hajalala kitandani bado.

"Sasa sikilizeni," fundi akasema. "Upepo unanyanyua gari, haupunguzi uzito. Nikiwafungia mifuko leo gari litasimama wima, mtafurahi. Lakini ekseli ni ileile, breki ni zilezile, matairi ni yaleyale. Kwenye mteremko wa Kitonga breki haziulizi kama gari limesimama wima."

Baba alijua Kitonga kuliko sisi sote. Alikaa kimya. Mimi nikataja pipa la maji: lita 100 ni kilo 100, tunaweza kubeba madumu mawili tu na kujaza njiani. Lakini pipa peke yake halikutosha, na kila mtu pale alijua kilichobaki. Hakuna aliyelitaja kabati. Baba mwenyewe akaomba bisibisi.

Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Fundi aliyatoa mabamba ya nyongeza, akabadilisha shokapu zilizokwisha, akafunga mifuko miwili. Kila mfuko ulipata bomba lake na mdomo wake wa kutilia upepo. Ukiiunganisha, alisema, gari likikata kona upepo unakimbilia upande wa pili, na gari linazidi kulala. Akatuonya tusiiache tupu hata siku gari halina mzigo, maana chuma kitaubana mpira na kuutoboa. Kitanda akatuambia tukisogeze mbele, katikati ya ekseli mbili, ambako mrusho ni mdogo. Hilo halikutugharimu hata senti, na nadhani ndilo lililomsaidia Mama zaidi.

Tulijaza upepo mpaka gari likakaa sawa, tukazunguka mtaa, tukapunguza kidogo, tukazunguka tena. Mama alikuwa amelala ndani, ndiye geji yetu. "Punguza," anasema. "Punguza tena. Hapo hapo."

Tulifika Njombe siku ya pili, baada ya kulala Iringa. Mama alishuka mwenyewe, polepole, kashika mlango. Bibi alimwangalia sana, kisha akamwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Mama akaitika. Wakakaa jikoni hadi usiku, wameshikana mikono.

Kabati sasa liko chumbani kwangu, limejaa karatasi hizi ninazoandika. Baba akipita hulifuta vumbi, hata kama halina.

Basi, msomaji, ukitaka springi za upepo, zifunge, ni kitu kizuri. Ila anzia kwenye mizani, na nenda na mzee wako.