Nia na Matokeo

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wanafunzi wetu wa sekondari, yale madogo ndiyo yenye matata zaidi. Neno refu lina dawa yake: mwanafunzi hufungua kamusi, akalipata, akatulia. Lakini neno kama "so" halimshtui. Amelijua tangu siku za mwanzo, na kwa kuwa analijua, haulizi limekuja kufanya kazi gani katika sentensi aliyo nayo. Hapa twapenda kueleza kazi zake mbili, yaani kutaja nia na kutaja matokeo. Anayezichanganya haharibu sarufi tu. Aghalabu husema jambo ambalo halikutokea.

Tuanze nyumbani. Kiswahili kimezitenga kazi hizi mbili waziwazi. Tukitaka kutaja nia twasema "ili", na kitenzi chenye asili ya Kibantu kinachofuata huishia kwa irabu "e": "Tulichimba kisima ili wanakijiji wapate maji." Tukitaka kutaja matokeo twasema "hata" au "kwa hiyo", na kitenzi hueleza jambo lililokwisha kutendeka: "Tulichimba kisima, hata wanakijiji wakapata maji." Sentensi ya kwanza yatoa ahadi, na ya pili yatoa ushahidi. Katika ile ya kwanza, maji huenda yalipatikana, huenda hayakupatikana, msemaji hajasema.

Kiingereza nacho chatenga, lakini kwa alama zilizojificha. "In order that" na "so as to" hazina shida, kwani hutaja nia tu. Shida i katika "so that". Mara nyingi maneno haya hutaja nia, na dalili yake ni kitenzi kisaidizi kama "can", "may", "will", "could" au "would" kinachofuata. "So" likisimama peke yake baada ya mkato, likafuatwa na kitenzi cha kawaida cha wakati uliopita, hutaja matokeo. Tena "so" na "that" vikitenganishwa na neno la sifa katikati, hayo pia ni matokeo: "The sun was so hot that the maize dried up." Maana yake ni kwamba jua lilikuwa kali hata mahindi yakakauka. Tumepata kusoma daftari la mwanafunzi aliyeandika, "Jua lilikuwa kali ili mahindi yakauke." Kwa neno moja tu, jua limetiwa uadui na shamba la watu!

Kosa hilo lachekesha, lakini liko lisilochekesha. Katika miaka yetu ya utumishi tuliwahi kuhudhuria mkutano wa hadhara kijijini, ambako ilisomwa taarifa iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Asili yake ilisema kisima kilichimbwa "so that the villagers could get clean water." Mfasiri aliliona neno "could", akalihesabu kuwa jambo lililopita na kukamilika, akaandika kwamba kisima kilichimbwa na wanakijiji wakapata maji safi. Kumbe "could" ya hapo imefuata tu wakati wa kitenzi kilichotangulia, na nia haijaacha kuwa nia. Kisima kilikuwapo kweli, lakini pampu ilikuwa haijaletwa. Mzee mmoja akainuka, akasema kwa adabu, "Ndugu Mwenyekiti, maji hayo yamo katika karatasi. Kisimani hayajafika." Watu walicheka, lakini kinamama waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda mtoni hawakucheka. Taarifa iliyoandikwa hivyo yaweza kufunga faili, na faili likifungwa, nani atakumbuka pampu? Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mipango si matumizi.

Jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zahitaji kufasiriwa, na mbele ya hakimu nia na matokeo si kitu kimoja. Aliyetupa jiwe ili limwumize jirani yake, na aliyetupa jiwe likamwumiza jirani yake, wote wawili wametupa jiwe. Hata hivyo, wa kwanza ametajwa nia yake, na wa pili hakutajwa. Mfasiri akiteleza hapo, atakuwa amemhukumu mtu kabla ya hakimu.

Sisi tunaotunga mashairi twajua kuwa "ili" na "hata" yana mizani mbili mbili. Mtunzi aweza kuliondoa moja akaliweka jingine, na hesabu ya mshororo isipungue. Kwa hiyo sikio halitoshi kuwa mlinzi. Hapana budi kuuliza maana.

Twawashauri walimu wa lugha zote mbili wawazoeshe wanafunzi swali moja kila wakutanapo na "so": je, mwandishi atuambia kilichokusudiwa, au kilichotokea? Kisha watazame kitenzi kinachofuata. Baada ya hapo waifasiri sentensi hiyo kwa "ili", waifasiri tena kwa "hata", na waulizane ni ipi iliyo kweli. Zoezi hili halihitaji kitabu kipya wala fedha. Latosha ubao na chaki. Mwanafunzi aliyelizoea hatadanganywa kwa urahisi na taarifa ya mtu mwingine, na siku atakapokabidhiwa kalamu ya ofisi, hataandika kwamba maji yamefika kabla hajaona ndoo ikijaa.