Kabla ya Kununua Samaki, Angalia Mdomo

Wasee, acha nikiri kitu. Nilimweka paiki kibeti, yule Crenicichla regani, kwenye tangi moja na neoni 10 wa sistangu mdogo. Aliyeniuzia alisema, "Huyu ni kibeti bwana, hana shida." Nami nikaona samaki mwenyewe anakua hadi kama sentimita 10 tu. Atasumbua nani?

Asubuhi ya tatu sistangu akahesabu neoni wake, akapata 6. "Wengine wako wapi?" Nikamwambia wamejificha kwenye mimea. Nilijua nadanganya.

Sasa watu husema eti paiki ni samaki mbaya. Mimi nakataa. Kwao ni mito ya Amazon, na kule anaishi kwa kuvizia: anatulia kando ya magogo na majani, kisha anarukia kitu kidogo kikipita. Mwili mrefu, mdomo mpana. Neoni wa sentimita 3 kwake ni chakula tu. Ukitaka kumfuga na wenzake, chagua samaki wenye kimo asiowameza, wanaoogelea sehemu ya juu, na umpe mapango ya kujificha. Hapo mtaishi poa.

"Kibeti" inakuambia urefu, haikuambii tabia. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyesikia jina nikaacha kuuliza anakula nini.

Neoni nilimlipa sistangu. Ule uongo wa mimea ndio bado. Ukisoma hapa, sisto, hawakuwa wamejificha. Pole.