Mtondogoo

Katika nyumba niliyolelewa, karibu na misheni ya Magila katika nchi ya Bonde, siku za mbele zilikuwa na majina yake: kesho, kesho kutwa, mtondo, na mwisho mtondogoo, ambayo ni siku ya nne baada ya leo, na marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa dini, hakuridhia hata moja litamkwe kwa mzaha, kwa kuwa kwake yeye kutaja siku kulikuwa ni kuweka rehani heshima yako.

Nakumbuka Jumatatu moja ya masika, muda mfupi baada ya Pasaka, alipokopa vitambaa vya kanzu za waimbaji katika duka la mzee mmoja Mwislamu pale Muheza, akaahidi kulipa mtondogoo. Ijumaa ilipowadia mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri na vijito vimefurika. Mama akamsihi angoje, naye akajifunika gunia, akanishika mkono, tukashika njia kwa miguu. Tulimkuta mwenye duka anafunga mlango ili awahi sala ya Ijumaa. "Mwalimu, mvua yote hii! Si ungengoja ianuke?" Baba akamjibu, "Sheikh wangu, nilisema mtondogoo, na leo ndiyo mtondogoo." Mzee yule akafungua tena mlango, akahesabu fedha, akanipa mkononi kipande cha sukari guru, ambacho, nakiri, ndicho nilichokithamini siku ile kuliko uaminifu wa baba.

Mwaka 1971, nikiwa kijana wa chuo cha ualimu, kilinifikia kitabu cha John Mbiti, kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Ukambani aliyekuwa akifundisha Makerere, kitabu kihusucho dini na falsafa za Waafrika, kilichotolewa mwaka 1969. Niliona fahari isiyo kifani kukuta maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, yamefanywa istilahi za falsafa. Maana Mbiti alidai kwamba kwa mila zetu wakati una pande mbili tu, zamani iliyo ndefu mno na sasa inayoishi, ilhali wakati ujao, akiupima kwa vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, hauvuki takriban miaka miwili. Yeye alikuwa na swali zito la Mkristo, yaani jinsi ya kuwahubiria kiyama na uzima wa milele watu ambao lugha yao haifiki huko. Mimi nilichukua hoja ile nikaifanya godoro. Nilipochelewa kazini, au nilipokawia kurudisha nilichoazima, nilisema kwa majivuno ya msomi kwamba Mwafrika hana kesho, na wenzangu wakacheka, na dhamiri ikalala.

Baba aliponisikia likizo moja nikiyasema hayo, hakugombana na kitabu. Aliniuliza tu, "Basi mtondogoo tuliiazima kwa nani?"

Swali hilo limeniandama miaka mingi, na kwa muda mrefu nilidhani linamwangusha Mbiti. Leo sina hakika hiyo, kwani baada ya mtondogoo Kiswahili nacho huacha kuzipa siku majina, kikabaki kuhesabu tu. Huenda basi mwanachuoni yule hakukosea sana, ila aliupima wakati kwa vitenzi mahali ambapo baba aliupima kwa ahadi. Nilipokuja kusoma Maungamo ya Agostino, ambaye naye alikuwa mwana wa Afrika, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, nikakuta anafundisha kwamba yajayo hayapo popote ila katika roho ya mwenye kuyatazamia, nilimwona baba na gunia lake mvuani.

Siku hizi simu yangu inanikumbusha miadi ya mwaka ujao pasipo kukosea hata saa moja, na fedha ambazo zamani zilihitaji safari ya miguu hufika kufumba na kufumbua. Lakini sijapata kuishi katika zama ambazo neno "kesho" limekuwa jepesi kama sasa, wala ambazo mtu aweza kuandika "niko njiani" akiwa angali amejilaza kitandani, asione haya. Silaumu chombo. Chombo kimetuondolea mvua, na mvua ndiyo iliyokuwa ikitupambanua.

Majuzi mjukuu wangu, aliponisikia nikimwambia jirani kwa simu kwamba nitamlipa mtondogoo, akauliza, "Babu, huyo mtondogoo ni mdudu gani?" Nilicheka hata machozi yakanitoka, nikamweleza habari za Muheza zote, na kanzu, na sukari guru. Kisha nikasahau kulipa. Jirani yule alipata fedha zake siku mbili baada ya mtondogoo, naye kwa uungwana wake hakunikumbusha.